Breki Haijiuzi

Gereji ya fundi wangu haina ukuta wala mlango. Ni kipande cha ardhi kando ya barabara pale Umoja, kati ya mama anayekaanga mandazi na kibanda cha M-Pesa: jeki mbili, matofali manne, sanduku la spana, na turubai la kujikinga na mvua. Nilimpelekea gari Jumamosi asubuhi kwa sababu lilikuwa limeanza kulia. Kila nikikanyaga breki kwenye tuta, gurudumu la mbele kushoto lilitoa mlio mwembamba wa chuma kinachonolewa.

Alifungua gurudumu, akachungulia, akapitisha kidole kwenye diski na kunionyesha mifereji iliyochimbika.

"Madam, pedi zimeisha. Diski nayo imeanza kulika. Naweka pedi mpya, diski inapelekwa Kariobangi inaskimiwa, saa nane uko nyumbani."

"Diski imebaki milimita ngapi?"

Akainua kichwa. Miaka sita amenihudumia, na swali hilo sikuwahi kumuuliza.

"Iko sawa, mathe. Hii kazi naijua kwa macho."

Naamini anaijua. Huyu ni mtu anayeweza kukuambia beringi ya upande gani imechoka kwa kusikia tu gari likipita. Lakini macho, hata yawe makali vipi, hayaoni tofauti ya milimita moja, na kwenye diski ya breki milimita moja ndiyo hutenganisha kifaa kizima na chuma chakavu. Sisi wa Eastlands tunakanyaga breki kutwa kucha. Hata hivyo tunazinunua kwa macho, kwa masikio na kwa huruma ya muuzaji. Kipimo hakimo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa nguo, inafaa mboga, inafaa hata nyumba ya kupanga. Kwa breki haifai. Breki nzuri na breki mbovu zimefichwa nyuma ya rimu ile ile, na siku nyingi zote mbili zitakufikisha kazini. Simama kwenye kituo cha matatu za Buruburu namba 58, au za Umoja namba 35/60, uone pesa zilipokwenda: michoro ubavuni, taa za rangi, spika zinazotikisa vioo. Abiria huchagua gari kwa hayo. Sijaona aliyeacha matatu moja akapanda nyingine kwa sababu ya unene wa diski. Na sisi wenye magari ya nyumbani tusiwacheke. Tunaosha gari kila Jumamosi, tunalivalisha viti vya ngozi, tunalibandika karatasi nyeusi kwenye vioo, halafu ikifika zamu ya breki tunauliza, "Hakuna ya bei ya chini?"

Hata sheria zetu hupenda kinachoonekana. Kanuni za matatu za mwaka 2004, zinazojulikana kama za Michuki, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Zilikuwa kanuni nzuri, na askari angeweza kuukagua mstari huo akiwa ng'ambo ya barabara. Diski haikaguliwi hivyo. Magari ya abiria hupelekwa ukaguzi kila mwaka, lakini gari la binafsi kwa miaka mingi limejiishia tu. Huingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka minane, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Baada ya hapo huweza kutembea miaka mingine kumi au kumi na mitano kwenye vumbi na matuta yetu, na mkaguzi wake ni wewe na fundi wako chini ya turubai.

Tuielewe kwanza kazi yenyewe. Breki ni jiko. Pedi mbili huibana diski inayozunguka, msuguano huugeuza mwendo kuwa moto, na moto huo lazima upate pa kwenda. Kwenda kwake ni ndani ya diski, kisha hewani. Diski ikiwa nene huupokea moto bila papara. Ikiwa nyembamba, yanayotokea kila mpishi anayajua: sufuria nyembamba huunguza ugali upande mmoja wakati upande wa pili haujaiva. Diski nyembamba hupata joto haraka, huweza kupasuka nyufa ndogo, nayo pedi ikipashwa moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Mwendo nao huongeza mambo kwa hesabu isiyo na huruma. Gari la kilomita 80 kwa saa halibebi nguvu mara mbili ya lile la kilomita 40, hubeba mara nne.

Utasema Eastlands hakuna wa kufikisha 80. Kweli, lakini sisi tunaumizwa na idadi. Toka Umoja uingie Jogoo Road hadi mjini asubuhi ya Jumatatu, uhesabu: matuta ya mtaani, mengine bila rangi wala kibao, matatu ya Nissan inayosimama ghafla mbele yako kushusha mtu mmoja, bodaboda inayokata kona bila kuangalia, foleni ya Hamza, mzunguko wa City Stadium. Mguu hauondoki kwenye breki. Msimu wa mvua ukiingia, tope na mchanga hujipenyeza kati ya pedi na diski na kufanya kazi ya msasa.

Breki yenyewe ilianza na jua kali, na hilo hunifurahisha. Mwaka 1888 Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, vibao vya breki vilianza kulika njiani, akamsimamisha fundi viatu na kumwambia avigongelee ngozi. Hiyo ndiyo pedi ya kwanza tunayoisimulia, na aliyeiunda alikuwa mshona viatu. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester akapata hataza ya breki ya diski. Ilisubiri nusu karne: mwaka 1953 Jaguar lilishinda mbio za Le Mans likiwa na diski, na watengenezaji wa magari ya kawaida wakaanza kufuata. Leo karibu kila gari dogo linaloshuka Mombasa kutoka Japani lina diski magurudumu ya mbele, hata kama nyuma bado ni dramu. Mbele ndiko kwenye kazi nzito, kwa sababu unapofunga breki uzito wa gari huinama huko.

Turudi kwa yetu ya Umoja. Nilimwomba fundi tuifungue diski, tukaenda nayo hadi Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Mzee hakuuliza mengi. Alichukua brashi ya waya, akasugua kutu kwenye kofia ya diski, ile sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu, na maandishi yakajitokeza: MIN TH 20 mm. Yamekuwepo tangu diski ilipotoka kiwandani, yakisema unene wake usishuke chini ya milimita 20. Akatoa venia, kifaa cha kupimia unene, mfukoni mwa aproni, akaipachika kwenye diski mahali panne tofauti, asipime kwenye ukingo wa nje kwa sababu huko huwa pana kimwinuko kisicholika. Kipimo kidogo kabisa kilikuwa 20.7.

"Ni nzima," fundi wangu akasema, akinitazama.

"Ni nzima ikibaki hivi," mzee akamjibu. "Mifereji hii nikiiondoa nitakula nusu milimita kila upande. Itabaki 19.7. Hata hujaendesha, ishafariki."

Fundi akanyamaza. Kisha akaipima tena yeye mwenyewe, na nilipenda alivyofanya hivyo. "Mathe, hii ni ya vyuma chakavu," akasema.

Kukereza si ubaya. Diski yenye unene wa kutosha na mifereji myepesi ikikerezwa na mtu makini hurudi kazini bila neno. Ubaya ni kukereza bila kupima, jambo ambalo mitaani kwetu limekuwa desturi. Tena mtetemo wa pedali, ule tunaouita "diski imepinda", mara nyingi si kupinda. Huwa ni unene usio sawa, pedi zikiwa zimeacha utando wake mahali fulani na si pengine. Au ni kutu kwenye habu inayoifanya diski ikae upande, au nati za gurudumu zilizokazwa hovyo. Diski mpya ikifungwa juu ya kutu ya zamani, baada ya miezi michache mtetemo hurudi, na lawama huangukia diski isiyo na hatia. Dakika tano za brashi ya waya zingetosha.

Diski nyingine nitanunua ipi, basi? Hapa nina msimamo ambao huenda ukawaudhi wauza vipya. Diski ya mtumba iliyotoka Japani, ikiwa imepimwa na kuonekana na milimita za kutosha juu ya kikomo chake, bila ufa na bila mfereji, naiamini kuliko diski mpya isiyo na jina wala maandishi yoyote. Ni chuma tu. Haiozi kwa kukaa. Kutu nyepesi ya juu itafutwa na pedi kilomita chache za mwanzo. Ila zinunuliwe mbili, kulia na kushoto, za kipenyo kile kile na matundu yale yale, la sivyo gari litavuta upande. Na zile diski zenye vitobo na mikato wanazozipenda vijana wa Subaru, waachiwe wao. Gari la kwenda kazini na kurudi halizihitaji.

Pedi ni habari tofauti. Pedi ya mtumba sinunui kabisa, maana pedi ni kitu cha kuliwa, na hujui kilichobaki kimeonja mafuta gani. Pedi mpya huwa na milimita kama kumi au kumi na mbili za kuliwa. Zikifika tatu, zimekwisha hata kama hazijalia. Dukani muuzaji alinitajia bei tatu: "Kuna jenuini Sh5,500, kuna ya kati Sh2,800, na kuna hii ya Sh1,200, hata hii wengi wanatumia." Alizitofautisha kwa bei pekee. Nilimwomba anipe zote tatu mkononi, nikazigeuza kusoma ubavu na mgongo wake.

Pedi nyingi hubeba mfululizo wa namba na herufi, na mwishoni huwa na herufi mbili, mfano FF au EF. Herufi ya kwanza husema mshiko wa pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili husema mshiko ikiwa moto. E ni msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G hupanda zaidi ya hapo. Pedi yenye FF haibadiliki sana ikichemka. Pedi iliyo kwenye soko la Ulaya hubeba pia herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, na 90R kando yake, maana yake imepita majaribio ya kanuni ya vipuri vya breki. Alama hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, na mwenye nia mbaya anaweza kuzighushi. Lakini pedi isiyokuwa na alama yoyote imekwambia jambo moja wazi: hakuna aliye tayari kujitambulisha nayo. Ile ya Sh1,200 ilikuwa tupu pande zote.

Kuna pia suala la mchanganyiko wa pedi. Zile laini, zisizo na chuma kingi, hazipigi kelele, hushika vizuri zikiwa baridi, huihurumia diski, ila huisha upesi. Zenye chuma kingi huvumilia joto na mzigo, lakini hulia, huchafua rimu na huila diski. Za kauri ni tulivu na safi, na bei yake yaonyesha hivyo. Mwenye Probox inayobeba mboga kutoka Marikiti alfajiri achukue zenye chuma. Mimi ninayebeba watoto wawili na mfuko wa laptopu nilichukua za kati, laini, zenye FF, Sh2,800. Hazikuwa jenuini. Hakuna aliyeniambia lazima ziwe.

Nalisema hilo kwa sababu makala za usalama hupenda kumhubiria maskini anunue ghali. Sitafanya hivyo. Mtu mwenye karo ya muhula na kodi ya nyumba hawezi kuambiwa Sh5,500 ni kidogo. Isitoshe, bei kubwa haikukingi. Mifereji iliyoniulia diski ilitokana na pedi nilizonunua mwaka jana kwa bei ya jenuini, ndani ya boksi lenye jina kubwa na stika inayong'aa. Duka silitaji. Ndani ya wiki sita zilikuwa zimeisha upande mmoja hadi chuma. Tuna Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, tuna mamlaka yake, tuna shirika la viwango, KEBS, lakini hakuna afisa atakayesimama nawe kwenye kaunta. Ukaguzi wa mwisho ni wako: rangi imepakwa sawasawa? Pedi zote nne zina namba moja? Kibati cha mgongo kimeshikana na pedi bila mwanya? Risiti ataandika jina la bidhaa, au ataandika "pedi" tu?

Sasa nifike ninapokusudia. Tatizo letu kubwa liko kwenye namna tunavyomlipa fundi. Fundi wa mtaani halipwi kwa kupima. Hulipwa kwa kubadilisha, na mara nyingi hupata kitu kidogo kutoka duka alikokutuma. Akipima akakuta diski ni nzima na pedi bado zina milimita sita, atafunga gurudumu na kukuambia nenda salama, na hiyo asubuhi yake imepotea. Halafu tunashangaa kwamba hana venia! Angeinunua ya nini? Tumemwekea malipo kwenye spana tu, kisha tukamwita mjanja anapofuata malipo yalipo. Daktari tunamlipa kabla hajaandika dawa yoyote. Fundi tunataka atuchunguze bure, kisha ajifidie kwenye dawa.

Hivyo nashauri jambo dogo. Ukipeleka gari, lipa kupima. Weka bei yake kando na bei ya kufunga. Dai namba mbili: unene wa diski na unene wa pedi, kulia na kushoto, na uziandike kwenye simu pamoja na kilomita za gari. Kazi ikifanyika, kaa hapo. Vumbi la pedi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe, kwa ajili ya mapafu yake na yako. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani, na za bei ya kutupa hazijaandikwa zina nini. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi yake maalumu, kwa sababu pini iliyoganda ndiyo humaliza pedi upande mmoja. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Kisha Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, zizoeshe pedi mpya: fikisha kama 50, punguza taratibu hadi karibu kusimama, rudia mara nane au kumi ukiziacha zipoe katikati.

Haya yote ni kwa ajili ya nani? Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, gari lenye breki nzuri husimama takriban mita 14 tangu breki zinaposhika. Nguvu ya breki ikipungua nusu, mita hizo huwa 28. Zile 14 za ziada ni urefu wa Nissan karibu tatu zilizopangana. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko yote si madereva. Ni watembea kwa miguu: mama anayevuka Outer Ring na kiroba cha sukumawiki, mtoto wa shule aliyeona daraja la juu liko mbali. Wewe una mkanda na kioo cha mbele. Yeye ana zile mita 14 pekee, na hakuwepo dukani ulipouliza kama hakuna ya bei ya chini.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa fundi wangu. Kwenye kamba ya turubai, kando ya redio, alikuwa ametundika venia. Alipoona ninaiangalia akacheka. "Kupima ni mia mbili, madam. Kufunga ni bei yake."

Akanyanyua gari, akafungua magurudumu mawili ya mbele, akapima na kunisomea: diski 23.8 kulia, 23.8 kushoto, pedi milimita tisa. Akafunga. Nilimtumia mia mbili zake kwa M-Pesa, malipo ya kuambiwa kwamba siku hiyo hapakuwa na kitu cha kununua.